Sina Nafasi: Fundisho la Maisha ya Mtakatifu Thomas More

Hakuna udhuru unaosikika mara nyingi katika vinywa vya Wakristu wa siku hizi kuliko huu wa kukosa nafasi. Sisi mapadri twausikia tunapozuru nyumba za waamini, twausikia mlangoni mwa kanisa, twausikia katika mikutano ya jumuiya. Mwalimu husema ana madaftari ya kusahihisha. Mfanyabiashara husema duka halina mtu wa kulishika. Mama wa nyumba husema watoto, maji na kuni humaliza siku yake kabla jua halijatua. Karani husema huondoka kwake alfajiri na kurudi usiku, na hata akiisha kulala simu yake bado yamwita. Wala hawasemi uongo. Kazi hizo ni za kweli, na nyingi katika hizo ni wajibu waliopewa na Mungu mwenyewe. Lakini mwisho wa maneno yao ni ule ule: sala imeahirishwa mpaka Jumapili, na Jumapili nayo imeanza kuliwa kidogo kidogo.

Twaona yafaa, basi, badala ya kuwalaumu ndugu hawa, tuwasimulie habari za mtu aliyekuwa na kazi nyingi kuliko wengi wetu. Hakuwa padri wala mtawa. Alioa, akafiwa na mkewe, akaoa tena, alilea watoto, alikuwa wakili, hakimu, mbunge, balozi na mwandishi wa vitabu, na mwishowe alipewa cheo ambacho katika nchi yake vilikuwa vichache sana vilivyokipita. Mtu huyo ni Mtakatifu Thomas More wa Uingereza.

Thomas More alizaliwa katika mji wa London mwaka 1478. Baba yake, John More, alikuwa mwanasheria, na baadaye akawa jaji. Mtoto alipofikia umri wa kufundishwa adabu za wakubwa, alipelekwa kutumika katika nyumba ya John Morton, Askofu Mkuu wa Canterbury. Mzee huyo alipendezwa na wepesi wa akili yake, na baada ya muda kijana akaenda Oxford kusoma. Lakini baba hakutaka mwanawe azame katika vitabu vya wataalamu akasahau riziki. Alimrudisha London, na mwaka 1496 akamwingiza katika chuo cha mawakili kiitwacho Lincoln's Inn. Kijana akatii, akasoma sheria, akafuzu.

Katika miaka hiyo moyo wake ulivutwa upande mwingine pia. Karibu na kuta za mji ilikuwako nyumba ya watawa Wakartusi, watu wa kimya na upweke, ambao kila mmoja hukaa katika chumba chake, na usiku wa manane huamka kumsifu Mungu. Kwa muda wa miaka ipatayo 4 More aliishi nao au jirani nao, akishiriki sala zao bila kuweka nadhiri, huku akiendelea na kazi ya sheria. Wakati huo huo alitoa mafundisho hadharani, katika kanisa la Mtakatifu Laurenti mjini London, juu ya kitabu cha Mtakatifu Augustino kiitwacho Mji wa Mungu, na watu wenye elimu wakaja kumsikiliza. Alijipima kwa muda mrefu kama Mungu anamtaka awe mtawa. Mwishowe aliona kwamba wito wake ni ndoa. Mwaka 1505 akamwoa Jane Colt, na wakajaliwa watoto 4: Margaret, Elizabeth, Cecily na John.

Tusimame hapa kidogo. Mtu akichagua ndoa badala ya utawa, watu wengi hudhani ameacha pia yote yaliyo ya utawa, kana kwamba sala ni kazi ya wale waliovaa kanzu, na sisi wengine kazi yetu ni kutafuta chakula na kulipa ada. Thomas More hakufikiri hivyo. Alikiacha chumba cha Mkartusi, lakini kengele ya Wakartusi aliondoka nayo moyoni. Kwao alijifunza kuamka mapema, kujinyima kwa siri, na juu ya yote kumpa Mungu saa zake katika wakati uliowekwa, si katika wakati uliobaki. Hata alipokuwa mtu wa kuvaa mavazi ya heshima mbele ya mfalme, ndani yake alivaa shati la toba lililofumwa kwa nywele ngumu za mnyama, lenye kuikwaruza ngozi. Watu hawakujua. Aliyejua ni Margaret, binti yake mkubwa, kwa sababu yeye ndiye aliyelifua.

Mwaka 1511 Jane alifariki, akamwachia mumewe watoto wadogo wanne. More hakukawia kumwoa Alice Middleton, mjane mwenye mtoto wake, mwanamke hodari wa nyumba na mwepesi wa kusema. Kazi nazo zilikuwa zimekwisha kuanza kumsonga. Tangu mwaka 1510 alikuwa akiamua kesi kwa niaba ya mji wa London, na juu ya hayo alikuwa na kazi yake ya uwakili. Mwaka 1515 alitumwa ng'ambo, nchi ya Flanders, kwa mambo ya biashara ya Waingereza. Huko alianza kuandika kitabu kilicholifanya jina lake lijulikane Ulaya nzima, kiitwacho Utopia, kikachapwa mwaka 1516. Katika barua aliyoiweka mwanzoni mwa kitabu hicho, anamwomba rafiki yake radhi kwa kuchelewa. Anaeleza kwamba mchana kutwa yumo katika kesi, na kwamba arudipo nyumbani lazima azungumze na mke, apige soga na watoto, asikilize watumishi. Na hayo yote anayahesabu kuwa ni wajibu, maana asiyeyafanya atakuwa mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Basi muda wa kuandika ni ule tu anaouiba katika usingizi na katika chakula.

Nani kati yetu asiyemtambua mtu huyo? Ni mwenzetu kabisa. Lakini na tuangalie vema ni kitu gani alichokipa muda wa masalio. Alikipa kitabu, ambacho kingemletea sifa. Mungu hakumpa masalio. Walioandika maisha yake husimulia kwamba aliamka saa nane za usiku, na mpaka saa moja ya asubuhi alikuwa katika sala na masomo. Kisha ndipo wakubwa na wateja walipoweza kumpata. Misa Takatifu aliisikiliza kila siku. Na tena alikuwa na desturi moja ambayo mkwewe, William Roper, mume wa Margaret, ameiandika kwa makini: kila alipotaka kuingia katika jambo kubwa, alikwenda kwanza kanisani, akaungama, akasikiliza Misa, akapokea Komunyo Takatifu. Alifanya hivyo alipoitwa katika baraza la mfalme, alipotumwa ubalozi, alipochaguliwa kuwa Spika wa Bunge mwaka 1523, alipofanywa Chansela. Tukumbuke kwamba siku zile walei hawakupokea Komunyo mara nyingi kama leo. Wengine hukimbilia kanisani baada ya mambo kuharibika; yeye alipita kanisani kwanza.

Yasimuliwa pia kwamba siku moja, More akiwa katika Misa, mjumbe alikuja akisema mfalme anamtaka. More hakuondoka. Mjumbe akaja mara ya pili, na ya tatu. More alijibu kwamba hana budi kumaliza kwanza kumpa heshima yake Mfalme aliye juu zaidi, ndipo aende kwa huyu. Na mfalme, ambaye ni Henry wa Nane mwenyewe, siku hiyo hakukasirika. Sisi tunaotoka katikati ya Misa kwa sababu simu imelia mfukoni, tujiulize ni mfalme gani huyo anayetuita.

Haikuwa rahisi kumkatalia Henry. Mfalme huyo alimpenda More kwa elimu na uchangamfu wake. Alimwita ili wazungumze juu ya dini, hesabu na nyota. Usiku alipanda naye juu ya paa la jumba ili waziangalie nyota hizo. Na yeye pamoja na malkia walimkalisha kwa chakula na mazungumzo, hata ikawa mara moja kwa mwezi tu ni shida kwake kupata ruhusa ya kwenda kumwona mkewe na watoto. Watu wangapi wangeona hiyo ni bahati ya maisha! More aliona ni hasara. Akaanza kidogo kidogo kupunguza mzaha na uchangamfu mbele ya mfalme, mpaka wakazoea kutomwita mara kwa mara, naye akapata kurudi nyumbani. Hapo kuna fundisho ambalo hatulipendi. Muda wa Mungu na wa watoto wetu mara nyingi umelala mikononi mwa watu tunaopenda watusifu, na hauwezi kurudi kwetu mpaka tukubali kupendeza kidogo zaidi kwa Mungu na kidogo chini kwa watu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kama mwaka 1524 More alihamisha jamaa yake Chelsea, ukingoni mwa mto Thames, ambako siku hizo palikuwa nje ya mji. Ilikuwa nyumba yenye watu wengi: watoto, wakwe, wajukuu, yatima aliowalea, walimu, watumishi. Mtu angedhani humo hapakosi kelele, na kweli hapakukosa. Kwa hiyo More alijenga jengo jingine mbali kidogo na nyumba kubwa, lenye kanisa dogo, chumba cha vitabu na ukumbi wa kutembelea. Huko alikwenda kila alipotaka kuwa peke yake na Mungu. Na siku ya Ijumaa, alipokuwa nyumbani, alikaa humo tangu asubuhi mpaka jioni, katika sala na mafikirio. Alichagua Ijumaa kwa sababu ndiyo siku ya mateso ya Bwana wetu.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba alijifungia na Mungu akawaacha wengine nje. Pamoja na watoto wake alisali kila siku zaburi saba za toba na litania. Usiku, kabla ya kulala, aliwakusanya mke, watoto na watumishi wote, wakapiga magoti pamoja, wakasali zaburi na sala nyingine, na Salamu Malkia. Mezani mmoja wao alisoma Maandiko Matakatifu, kisha wakazungumza juu ya maneno yaliyosomwa, na baada ya hapo baba mwenye nyumba akawachekesha. Mabinti zake aliwafundisha Kilatini na Kigiriki sawa na mwana wake wa kiume, jambo ambalo wakati ule lilikuwa la ajabu, na Margaret akawa mmoja wa wanawake wenye elimu kubwa katika nchi. Katika kanisa la parokia aliimba pamoja na wanakwaya. Siku moja, alipokuwa amekwisha kuwa Chansela, Mtawala wa Norfolk alikuja kula naye, akamkuta amevaa vazi jeupe la waimbaji, anaimba. Mkubwa huyo aliona aibu, akamwambia anamdhalilisha mfalme na cheo chake. More akajibu kwamba mfalme hawezi kuchukizwa ikiwa mtumishi wake anamtumikia Mungu aliye Bwana wa wote wawili.

Wala sala yake haikuwa ya kuwasahau maskini. Katika Chelsea alipanga nyumba ya kuwatunza wazee na watu wasio na kitu, akaiweka chini ya ulinzi wa Margaret. Mwaka 1529, alipokuwa amerudi kutoka ubalozi wa Cambrai na kukaa kwa mfalme, alipata habari kwamba ghala zake za nafaka zimeungua, na za majirani pia. Alimwandikia mkewe barua. Hakuanza na hasara. Alimtaka awachukue watu wote wa nyumba waende kanisani, wamshukuru Mungu kwa alivyowapa, kwa alivyowaondolea, na kwa alivyowaachia. Kisha afanye uchunguzi kama kuna jirani aliyepata hasara kwa ajili ya moto huo, amlipe, hata kama nyumbani mwake hakitabaki kijiko. Mtu aliyezoea kumtanguliza Mungu siku za raha hafikiri mara mbili siku ya moto.

Vivyo hivyo Margaret alipopatwa na homa ya jasho, ugonjwa ulioua watu wengi Uingereza siku hizo, na waganga wakakata tamaa, baba yake alikwenda katika lile jengo lake, akapiga magoti, akamlilia Mungu. Alipokuwa katika sala akakumbuka dawa moja ambayo waganga hawakuifikiri. Wakaijaribu, na binti akapona.

Mwezi wa Oktoba 1529 More alifanywa Chansela wa Ufalme, mtunza muhuri wa mfalme na hakimu mkuu wa mahakama yake ya haki. Sasa, je, sala zilimpunguzia kazi? Habari zatuambia kinyume. Kesi zilikuwa zimelundikana kwa miaka. More alizisikiliza moja baada ya moja, na mchana alikaa katika ukumbi wa nyumba yake wenye milango wazi, ili yeyote mwenye shida aingie bila hofu. Yasimuliwa kwamba siku moja aliita kesi inayofuata akaambiwa haipo, zimekwisha zote. Akaagiza jambo hilo liandikwe. Na alipokuwa akipita kwenda mahakamani kwake, akimkuta baba yake mzee ameketi kama jaji katika mahakama nyingine, alikwenda mbele yake, akapiga magoti hadharani, akaomba baraka. Chansela mwenye kesi zote hizo alikuwa na nafasi ya kupiga magoti mbele ya mzazi! Twaamini ni kwa sababu alikwisha kuzoea kupiga magoti. Saa ile aliyompa Mungu alfajiri haikuibwa kwa watu. Ilirudi kwao mchana ikiwa uvumilivu, haki na akili iliyotulia.

Ukweli watudai tuseme neno moja zaidi. More alikuwa mtu wa nyakati zake, na katika ugomvi wa dini uliozuka Ulaya aliandika kwa ukali mkubwa juu ya wale waliojitenga na Kanisa. Katika miaka ya uchansela wake watu kadhaa walichomwa moto kwa ajili ya uzushi, naye aliona sheria hiyo ni ya haki. Kanisa leo halifundishi hivyo. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1965, ulitangaza kwamba mtu asishurutishwe katika mambo ya dini. Hatumsimulii More ili kila tendo lake lifuatwe. Watakatifu nao walihitaji huruma ya Mungu, na pengine ndiyo sababu zaburi za toba hazikumtoka kinywani.

Wakati huo huo jambo kubwa lilikuwa likimjia. Mfalme Henry alitaka kumwacha Malkia Katarina ili amwoe Anne Boleyn, na Baba Mtakatifu hakuivunja ndoa ile. Mfalme akaanza kuliweka Kanisa la Uingereza chini ya mamlaka yake mwenyewe. Tarehe 15 Mei 1532 wakuu wa mapadri walimkubalia. Kesho yake More akarudisha muhuri, akajiuzulu. Mapato yakakatika. Akawakusanya watoto na wakwe zake, akawaeleza kwa uchangamfu kwamba watashuka kidogo kidogo kutoka chakula cha mawakili mpaka kile cha wanafunzi maskini wa Oxford, na hata hicho kikiwashinda, watachukua mifuko na kwenda pamoja mlango kwa mlango wakiimba Salamu Malkia na kuomba sadaka. Wimbo walikuwa wanaujua. Walikuwa wameuimba kila usiku.

Mwaka 1534 ilitungwa sheria iliyowadai watu wale kiapo cha kukubali ndoa mpya ya mfalme na urithi wa watoto wake; na maneno ya kiapo yalikuwa na kuyakana mamlaka ya Papa. Tarehe 13 Aprili More aliitwa Lambeth. Asubuhi ile alifanya kama alivyofanya siku zote mbele ya jambo kubwa: alikwenda kanisani Chelsea, akaungama, akasikiliza Misa, akapokea Komunyo. Kwa kawaida mke na watoto walimsindikiza mpaka mtoni, akawabusu, akapanda mashua. Siku hiyo hakuwaruhusu kupita lango. Alilivuta akalifunga nyuma yake, akaondoka na Roper, uso wake umejaa huzuni. Baada ya kitambo, ndani ya mashua, alimnong'oneza mkwewe kwamba anamshukuru Bwana, vita imekwisha kushindwa. Kiapo alikikataa, na tarehe 17 Aprili akatiwa katika gereza la Mnara wa London.

Humo alikaa zaidi ya miezi 14. Margaret alipopata ruhusa ya kumtembelea, walisali kwanza zile zaburi saba na litania, kama nyumbani, ndipo wakazungumza. Siku moja alimweleza kwamba, kama si kwa ajili ya mke na watoto, angalikwisha kujifungia zamani katika chumba chembamba kama hicho, au chembamba zaidi. Ndivyo ilivyokuwa. Kile chumba cha Mkartusi alichokiacha katika ujana kwa kuitii sauti ya Mungu, mfalme alimrudishia akidhani anamwadhibu. Mkewe Alice alipokuja, alimshangaa kwa hasira, mtu mwenye nyumba nzuri na bustani kukubali kukaa na panya. Naye akamwuliza kama nyumba hii haiko karibu na mbinguni sawa na ile yao. Aliandika kitabu cha kuwafariji watu walio katika dhiki, na kingine juu ya uchungu wa Yesu katika bustani, saa ile Mwokozi alipokesha na wanafunzi wakalala. Pembeni mwa kitabu chake cha sala aliandika sala yake mwenyewe ya kuomba neema ya kuuacha ulimwengu. Tarehe 4 Mei 1535 aliona kwa dirisha, Margaret akiwa naye, watawa Wakartusi wakitolewa kwenda kuuawa kwa sababu ile ile, nao wakienda kwa furaha. Mwezi uliofuata aliondolewa vitabu vyake. Baada ya hapo hakubaki na kitu ila yale aliyokuwa ameyaweka rohoni miaka yote. Akiba haiozi.

Tarehe 1 Julai alihukumiwa kufa katika ukumbi wa Westminster, alimokuwa ameamua kesi za wengine. Aliporudishwa Mnara, Margaret alipenya katikati ya askari wenye silaha, akamkumbatia shingoni mbele ya watu wote, akambusu, asiweze kumwacha. Tarehe 5 Julai alimwandikia binti huyo barua ya mwisho kwa kipande cha kaa, na pamoja nayo akampelekea shati la toba, ili siri ibaki kwa yule aliyeitunza. Katika barua hiyo alitamani sana afe kesho yake, kwa kuwa ilikuwa mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Thomas wa Canterbury, na siku ya 8 baada ya sikukuu ya Mtakatifu Petro. Hata mauti aliyapima kwa kalenda ya Kanisa. Na kesho yake, tarehe 6 Julai 1535, alipelekwa juu ya jukwaa, akapiga magoti, akasali ile zaburi ya toba, Unihurumie, aliyoisali na watoto wake, akakatwa kichwa. Kabla ya hapo aliwaambia watu kwamba anakufa akiwa mtumishi mwema wa mfalme, lakini wa Mungu kwanza. Papa Pius wa Kumi na Moja alimtangaza mtakatifu mwaka 1935, na mwaka 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili alimweka kuwa msimamizi wa viongozi wa serikali na wanasiasa. Kanisa humkumbuka tarehe 22 Juni, pamoja na Mtakatifu John Fisher, askofu aliyekufa kwa imani hiyo hiyo.

Wasomaji wapendwa, si wote tutakaoombwa kichwa chetu. Lakini kila mmoja wetu ataombwa siku moja jambo zito: kukataa hongo mbele ya wakubwa, kumvumilia mgonjwa asiyepona, kusamehe neno lisilosameheka, na mwisho wa yote kufa. Siku hiyo haitatupa muda wa kujifunza kusali. Thomas More hakupata ushujaa wake gerezani. Alikwenda nao, maana alikuwa ameukusanya asubuhi kwa asubuhi, Ijumaa kwa Ijumaa, katikati ya kesi, safari na kelele za watoto.

Basi tusimngojee Mungu kwa siku ambayo kazi zitapungua. Hazitapungua. Na mkulima amtolee dakika 10 kabla ya kushika jembe, na mwenye duka kabla ya kufungua mlango, na karani kabla ya kuishika simu; ziwe chache, lakini ziwe zake, za kila siku, zisizonunuliwa na mtu. Na wazazi wapige magoti usiku pamoja na watoto wao, hata kama mmoja amesinzia na mwingine analia. Palipo na Misa karibu siku za kazi, mtu achague siku moja katika juma aende. Ijumaa ya Thomas More ilikuwa kutwa nzima. Yetu yaweza kuwa robo saa. Aliye mwaminifu katika robo saa, Bwana atamwona anafaa kukabidhiwa saa ile kubwa itakapofika.